Saimi Anazama Kila Jioni

Tampere, 20 Oktoba 1988

Dada Saimi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. Mdogo wako sasa ni mwanamuziki. Usicheke, utamwaga kahawa.

Najua ulidhani niko Kajaani kwenye kile chumba changu cha kupanga, nachezesha vidole. Mwezi uliopita nilikuwa baa ya kituo cha mafuta, nawapigia stori madereva wa malori, ile ya kwako na farasi. Wakaingia vijana wanne, nywele mpaka mabegani, gari lao limekufa nje. Mkubwa wao ni binti, anaitwa Raisa, anapiga gitaa kama mtu anayepasua kuni. Bendi yao ni Kelirikko. Ndiyo, wamejiita kwa yale majira yako huko kisiwani, barafu haibebi mtu na mashua haipiti, unabaki ndani kama kuku chini ya tenga.

Nikamuuliza, "Binti, mnapiga muziki gani?"

"Roki, mzee. Lakini tunachanganya na kodiani, na dansi za wazee, na chochote tunachookota njiani."

"Kwa hiyo ni supu."

"Supu," akasema, "ila haijakolea chumvi."

Nikarudi kwa madereva wangu nikamalizia stori. Raisa akaweka kikombe chini. "Chumvi hii hapa," akawaambia wenzake.

Basi ndiyo hivyo. Kila jioni wanapiga taratibu nyuma yangu, mimi nasimama mbele na suti ya marehemu shemeji, nasimulia. Hakuna kampuni inayowashika mkono hawa. Kanda wananakili wenyewe jikoni kwa Topi, mpiga ngoma, wanauzia mlangoni mwa gari. Kabla sijaja walikuwa wanapigia viti. Sasa mlango unafungwa, watu wamejaa, na siyo mimi ninayejisifu, ni mlango.

Wanakulilia, Saimi. Mabinti wenye pete puani wanalia kwa ajili yako.

Mdogo wako mashuhuri,
Nestori


Kuikkasaari, 9 Novemba 1988

Nestori,

Barua imefika na mashua ya leo, pengine ndiyo ya mwisho, maji ya ukingoni yameanza kuganda. Sitapata nyingine mpaka barafu ibebe.

Ile suti nilikupa uzikie watu, siyo uchezee.

Lakini nimefurahi, nisikudanganye. Nimewasomea kondoo barua, wamekubali. Maisha yangu yote nimekamua, nimefua, nimezika mume. Jambo moja tu nimelifanya ambalo mtu angeweza kulisimulia, na hakuna aliyeliona, wewe ulikuwa kitandani na mafua yako. Kwa hiyo kama unalisimulia, lisimulie vizuri. Nakuandikia upya kwa sababu nakujua.

Barafu ilipasuka chini ya farasi wetu Liinu akazama mpaka mabega, sleji aliyokuwa akiiburuta ikabaki juu. Sikulia wala sikuomba. Nilimkaza ile kamba ya shingoni kama baba alivyotufundisha. Unamkaba mpaka pumzi isitoke, anavimba kama pipa, anaelea mwenyewe. Hapo ndipo unamvuta kwa ubavu. Ukilegeza mapema anazama. Ukichelewa umemnyonga. Watu wa mjini watakwambia ni ukatili. Waambie wajaribu kumbembeleza.

Nilivuta peke yangu. Nikailegeza kamba. Akapiga chafya usoni kwangu.

Hiyo kamba ndiyo stori yote. Usiiruke. Wanalia wakifika hapo, eh?

Dada yako,
Saimi


Turku, 14 Januari 1989

Dada,

Tumetoa santuri! Ya kweli, nyeusi, ina tundu katikati. Vijana walifanya kazi ghalani, wakachanga, wakaichapisha wenyewe. Upande wa kwanza wote ni "Farasi wa Saimi". Upande wote! Huko redioni kuna bwana mmoja anaipiga, halafu anakaa kimya kwanza kabla ya kutaja saa. Mimi nimewahi kunyamazisha meza. Redio sikuwahi.

Kamba ipo ipo. Usihangaike na kamba.

Nikuambie jambo lingine. Unajua mimi stori naiacha itembee. Leo farasi mwekundu, kesho mweusi, keshokutwa ana kengele. Basi hapa haiwezekani. Topi anasubiri neno fulani ndipo apige ngoma kubwa. Raisa anasubiri jingine. Nikibadilisha, wanaanguka kama watu waliokosa ngazi. Juzi nikamwingiza mchungaji wa kanisa kwenye sleji, nipate kucheka kidogo. Watu wakazomea! Kijana mmoja mbele akaniambia, "Babu, umekosea, mchungaji hayumo." Mimi! Kwenye stori yangu!

Wameikariri, Saimi. Nikipumua wanajua nitapumua wapi. Tunalala garini, tunakula soseji baridi, tunafika mji mwingine, na neno la kwanza ni lile lile. Nimekuwa kama ile saa ya ukutani ya mama, ndege wa mbao anatoka kila saa, anasema kuku, anarudi ndani.

Lakini ndege mashuhuri, usisahau.

Nestori


Kuikkasaari, 19 Machi 1989

Nestori,

Barafu ni nene kama ukuta, malori ya maziwa yanapita juu yake. Jana nilikwenda dukani ng'ambo na kigari changu cha kusukuma kwa mguu, nikaagiza hiyo santuri yako. Mwenye duka ana mashine ya kuchezea. Jumamosi ya tarehe moja tunakusanyika, wanawake wote wa ukingo ule. Nitaoka mkate wa samaki. Hata Tyyne anakuja, yule aliyesema miaka yote kwamba farasi alitoka mwenyewe.

Nataka nimtazame usoni kamba ikifika.

Saimi


Oulu, 29 Machi 1989

Dada Saimi, barua hii iwahi.

Usiisikilize ile santuri. Imeharibika. Zote za upande wenu zimeharibika, zilikaa karibu na jiko la gari. Sauti inakwenda mbio halafu inazama, namaanisha inashuka. Mwambie mwenye duka airudishe. Tyyne mpe mkate tu, atatosheka.

Nitakuletea nyingine mwenyewe. Nitakueleza mwenyewe. Kwa mdomo ni rahisi zaidi, kuna mambo ya sanaa humo ndani.

Nestori


Kuikkasaari, 22 Mei 1989

Nestori,

Barua yako ya "iwahi" imenifikia leo na mashua ya kwanza ya mwaka. Imewahi kweli.

Tulisikiliza tarehe moja. Tulikuwa wengi, mkate wa samaki mezani. Mwanzo mzuri, nikamkanyaga Tyyne mguu kwa furaha. Gitaa likaanza kunguruma, barafu ikapasuka, nikanyanyua kidole: sasa, sikilizeni. Halafu nasikia sauti yako, ile ya kuuza ng'ombe mgonjwa: "Na Saimi akaenda chini na farasi wake, mkono wake ukiwa bado umeshika hatamu." Ngoma. Kodiani. Watoto wa watu wanaomboleza kwa sauti nne.

Hakuna aliyemgeukia mwenzake. Mke wa mwenye duka akanishika mkono, akasema, "Pole, Saimi." Pole ya nini? Ya kufa kwangu! Tyyne akala vipande vitatu.

Nikarudi nyumbani, na barafu ikaoza nyuma yangu. Zaidi ya mwezi, Nestori. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mimi na kondoo na kifo changu, tumefungiwa pamoja. Wakati mwingine kelirikko hainisumbui, nina soksi za kusuka. Safari hii niliona kuta. Nilikuwa naamka naangalia mikono yangu, hii iliyovuta, naiuliza kama ilivuta kweli.

Na siyo hilo tu. Wapenzi wa bendi yako wamepajua mahali. Walikuja ng'ambo pale na magari, vijana wamevaa nyeusi, wakawasha mishumaa ya makaburini ukingoni. Nikatoka gatini nikapiga kelele, "Nipo hai! Nendeni nyumbani, mtashikwa na mafua!" Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao, sauti yangu haikufika. Wakaniona mwanamke mzee amesimama juu ya maji, anapunga mikono. Binti mmoja akapiga magoti.

Sasa nisikilize vizuri. Sina watoto. Nikifa, kitakachobaki ni hiyo santuri. Umechukua jambo langu moja ukalitupa ziwani. Ulikopeleka stori, ipeleke na mwisho wake. Nitoe majini. Mbele ya watu, kwa sauti ile ile.

Mpaka hapo usiniandikie.

Saimi


Seinäjoki, 11 Juni 1989

Dada,

Najua umesema nisiandike. Nipige ukiniona.

Mwanzoni nilisimulia na kamba, naapa. Ukatoka, Liinu akapiga chafya, na watu wakaenda kununua bia. Wiki ya pili Topi akapiga ngoma kubwa mapema, akanikata kabla sijaifikia kamba, nikababaika, mdomo ukasema, "akaenda chini". Saimi, ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia friji ya bia. Mtu mwenye mdomo kama wangu hajawahi kupewa kimya cha namna ile. Jioni iliyofuata nikakitaka tena.

Sasa nimefanya ulivyosema. Juzi, watu mia nane, nimewahesabu mwenyewe, labda mia tano. Nilipofika pale nikasema kwa nguvu, "Na Saimi akaikaza kamba!" Unajua walichofanya? Wakanizamishia. Wote. Kwa sauti moja: "Na Saimi akaenda chini na farasi wake!" Nikapayuka, "Alitoka! Ni dada yangu, ana kondoo!" Wakaona ni mchezo mpya, wakaimba zaidi. Jukwaani nilikuwa na maikrofoni, nikashindwa na watoto wasio na kitu.

Nikamfuata Raisa garini. "Binti, dada yangu yuko hai."

Akashangaa kweli. "Yuko hai? Mzee, wewe ulituambia ulimshika vidole vikakuponyoka!"

Sikumbuki kusema hivyo, lakini inasikika kama mimi.

Halafu akasema, "Mzee Nestori, tumezunguka miaka minne tunapigia viti vitupu. Watu wanakuja kwa ajili ya pale tu. Ukimtoa majini, sisi tunaingia." Siyo mtoto mbaya. Alikuwa anatafuna kucha.

Basi kila jioni nakuzamisha. Naomba siku moja sauti ikauke, haikauki, unajua koo letu. Tumeahidi mpaka vuli. Usiku wa kuamkia Sikukuu ya Yohana, mwezi huu huu usiku usipokuwa na giza, tunapiga ule ukumbi wa mbao wa ng'ambo yako, kwenye dansi. Ukikaa kisiwani utatusikia juu ya maji. Ziba masikio.

Nestori


Helsinki, 3 Agosti 1989

Mzee Nestori,

Mimi Raisa. Sijui kuandika barua, lakini simu huko kisiwani haipo, na wewe hujarudi kuchukua hata viatu vyako.

Nataka nikueleze ilivyoonekana kutoka jukwaani, maana wewe ulikuwa umegeuka mgongo. Tulikuwa katikati ya "Farasi". Jua bado lipo, wazee wamevaa mashati meupe, watoto wetu wa nguo nyeusi wamejazana mbele. Mwenye ukumbi akawasha ile taa nyekundu ya saa ya wanawake, wao ndio wanaochagua wa kucheza naye. Sikujali, sisi wa roki taa hiyo inatuhusu nini? Barafu ilikuwa imeanza kupasuka, nimeshakanyaga kifaa changu cha kelele. Ndipo nikamwona bibi mmoja na mabuti ya mpira anapasua kundi kwa viwiko. Akafika chini ya jukwaa, akakuinamia kichwa kama wanavyofanya wakiomba dansi.

Nimeona watu wakikamatwa na polisi, Mzee. Hawaendi kwa utiifu vile. Uliacha maikrofoni inaning'inia, ukateremka. Topi akaniuliza kwa macho: anakwenda wapi? Mama yake Topi amecheza kumbi hizi maisha yote, na yeye ndiye aliyenieleza baadaye: taa ikiwaka mwanamume hakatai, hata akiwa mfalme, hata akiwa amevunjika mguu. Na ni dansi mbili, siyo moja.

Tukaendelea kupiga. Watu wakasubiri Saimi azame. Hakuna wa kumzamisha. Walianza kuimba wenyewe, lakini wale waliokuwa mbele walikuwa wanamwangalia bibi anavyokuzungusha, akikukaripia sikioni, na wimbo ukawafia mdomoni. Sijui kama walijua ni nani. Sisi hatukuweza kuumaliza. Tulizunguka tu, kodiani ikaingia, gitaa likatoka, mpaka vidole vikatoa damu. Ulipomrudisha mahali pake kama kawaida inavyotaka, mahali pake palikuwa kwenye mashua. Ukapanda na wewe.

Sasa tumekwama. Tukipiga bila wewe, wimbo hauna mlango wa kutokea. Watu wanazidi kuja, wanataka kujua mwisho. Rudi. Useme unavyotaka, azame, atoke, aote mabawa. Ila rudi.

Raisa


Kuikkasaari, 17 Septemba 1989

Kwako binti Raisa,

Nimeisoma barua yako, na Nestori hakupewa nafasi ya kuijibu, maana angeweka na simba ndani.

Yeye haji. Sauti anayo, tatizo siyo sauti. Ukimweka mbele ya watu wakanyamaza, atauza hata mama yake ili wanyamaze tena. Anajua hivyo mwenyewe, ndiyo sababu hajakimbia, na mashua ipo.

Ninayekuja ni mimi. Nitavuka kabla maji hayajaganda. Sijawahi kusimama jukwaani, nimewahi kusimama kwenye barafu mbovu, nadhani si mbali sana. Muziki wenu nimeusikiliza. Ile sehemu ya kelele ni nzuri, barafu inalia vile vile. Lakini huyo Topi asipige ile ngoma kubwa mpaka nimeshalegeza kamba. Nitamwonyesha kwa mkono. Akiwahi, nashuka naondoka.

Nitakuwa na chakula changu. Soseji baridi sili.

Nestori atabaki na kondoo.

Saimi


Kuikkasaari, 26 Novemba 1989

Dada Saimi,

Barua hii haiendi popote. Maji yameganda robo, mguu haupiti, mashua haipiti, nitaiweka nyuma ya saa mpaka barafu ibebe. Lakini nisipoongea na mtu nitapasuka. Kondoo wako hawacheki. Nimewapa stori zote, hata ile ya askofu na kopo la samaki. Yule mwenye sikio jeusi ananiangalia kama Tyyne.

Kisiwa hiki ni kidogo, uliwahi kuniambia? Nikitoka mlangoni nafika ukingoni, nikigeuka nafika ukingo wa pili. Naona taa za duka ng'ambo, naona watu wanaingia, wanapiga soga, mtu anasema kitu, wengine wanaegemea nyuma wakicheka. Na mimi nina la kuwajibu, hapa hapa ulimini, na haliwezi kuvuka. Sasa najua mwezi wako ule ulikuwaje. Sisemi zaidi, utavimba kichwa.

Jana redio ilirusha dansi ya Tampere moja kwa moja. Nikawasha moto, nikavaa suti, usiniulize kwa nini. Nikasikia kina Raisa wanaanza taratibu, kodiani inatambaa, halafu nikasikia ukikohoa. Watu wakacheka kidogo. Nikajisemea, haya, amekwisha, hana koo, hajui kusimama, wataenda kununua bia.

Ukaanza. Husimulii vizuri, Saimi. Unasema kama mtu anayemweleza fundi bomba limevuja wapi. Huongezi hata kengele kwa farasi. Barafu ikapasuka na wale vijana wakaanza, nimewasikia, "Na Saimi aka..." Ukawakatiza: "Nyamazeni. Nina kazi hapa."

Wakanyamaza. Gitaa linanguruma, na wewe unasema, sasa nakaza, bado, anavimba, bado. Topi hakupiga. Bado, ukasema. Ukakaa kimya wewe mwenyewe. Redio yote ikawa kimya, nikadhani betri imekwisha.

Mimi najua ulitoka. Jana yake nilikula mkate mkavu ulioniachia, uliouoka kwa mikono yako. Lakini pale, dada yangu, nilikuwa nimeishika meza kwa mikono miwili, navuta.

Nestori